Siku Leverkusen Itapigwa

Mie Kaswera, muntu wa Butembo, niko na duka hapa Nyamitaba tangu zamani, na nimeonaka wanaume wajinga wa kila namna. Lakini mujinga mwenye nilimupenda, mwenye alinichekesha na kuniliza ndani ya mwaka mumoja, njo Papa Habumugisha. Alikuwa muntu wa ng'ombe na fromaji, ile jibini ya maziwa. Muke wake alikufa akamuachia binti mumoja, Muhawenimana, na baba hakuwa na kitu kingine duniani cha kupenda kuliko ule mutoto.

Kisha mupira ukamuingia, na mie njo nilimuletea. Ndani ya balo moja la mitumba yangu kulitoka mayo ya mupira, ile shati ya wachezaji, nyekundu na nyeusi, akainunua sababu ya baridi tu. Vijana wakamuambia, "Papa, hiyo ni ya Leverkusen, ekipe ya Ujerumani. Haijapataka ubingwa wa ligi yao hata siku moja. Kila mara inafika karibu, inaanguka." Muntu mwengine angeivua pale pale. Yeye akasema, "Basi wako na lazima ya muntu wa kuwalilia." Tangu pale, myaka na myaka, kila wakicheza alikuja kukaa mbele ya televizyo yangu, na kweli aliwalilia.

Mwaka wa 2023, mwezi wa tisa, jamaa ya Ngabo ilitoka Kibabi kuja kuposa Muhawenimana. Ngabo alikuwa kijana mupole, alifanya kazi ya shimo la dhahabu kule Omate, upande wa Walikale, na hawa wawili walipendana, hakuna mwenye hakujua.

Sasa, kwa watu wa hapa baba hasemi ndiyo hivi hivi. Lazima ajifanye mugumu. Atasema hana binti, ao binti amekwenda kwa masista, ao mulete kwanza maziwa ya simba. Watu wanacheka, mujomba wa kijana anajibu kwa maneno matamu, wanabishana hivyo mupaka baba anaondoa sharti lake na pombe inazunguka. Lakini sharti likishasemwa mbele ya wazee, kibuyu mukononi, ni baba peke yake anaweza kuliondoa. Asipoliondoa, binti anabaki kwao.

Straton, mujomba wa Ngabo, aliongea vizuri siku ile, hata mie nilitaka kumupigia makofi. Papa Habumugisha akasimama, mayo yake ndani ya koti, akasema, "Nitawapa jibu siku Leverkusen itapigwa."

Aka! Nyumba yote ilicheka. Wiki ile Leverkusen ilikuwa inaenda kucheza na Bayern, mabingwa wa kila mwaka, kule kwao Munich. Straton akajipiga mapaja. "Basi wiki kesho tunarudi!" Wakaenda zao wakiimba. Sharti likabaki pale pale, maana lilikuwa la siku chache tu, nani angehangaika nalo?

Bayern ikashindwa kuwapiga. Mbili kwa mbili, Leverkusen wakasawazisha kwa penaliti, muda wenyewe umeisha. Papa Habumugisha aliruka mupaka akavunja benchi yangu. Muhawenimana alikuwa mulangoni na wenzake, alicheka na yeye pia. "Haina neno, Papa. Watapigwa siku ingine."

Hawakupigwa. Ligi, hapana. Kupe, lile kombe la Ujerumani, hapana. Kupe ya Europa, hapana. Ule binti alijifunza majina ya ekipe ambazo mie sijui hata ziko wapi, na kila moja aliiombea ishinde. Noeli ikapita. Ngabo akamupigia simu kutoka Omate kila mechi ikiisha, neno lake moja tu: "Wamepigwa?" Mwanzoni walikuwa wanacheka wakiulizana hivyo. Kisha wakaacha kucheka.

Mwezi wa tatu walikuja watu wa Qarabag, kutoka Azerbaijani. Wakaongoza mbili kwa bila kule kule Leverkusen. Muhawenimana akaingia mupaka ndani, akasimama nyuma ya baba yake, mikono kifuani. Leverkusen wakarudisha moja. Dakika tisini zikaisha, Qarabag bado mbele. Nikasema moyoni, asante Mungu, tunakula harusi. Kisha, ndani ya zile dakika za kuongezwa, Leverkusen wakafunga mbili! Baba akaanguka chini kwa furaha. Binti akatoka polepole, akaenda kukamua.

Kesho yake Straton alikuja, hana hata kofia kichwani. "Papa, ondoa hilo neno. Lilikuwa la kucheka. Kijana anazeeka mu shimo, na barabara inafungwa kila siku sababu ya bunduki za hii vita. Tutangoja nini?"

"Nikiliondoa leo," Papa Habumugisha akasema, "ni kama nasema sasa wanaweza kupigwa. Mie siwezi kuwa njo muntu mwenye amewaangusha."

Hasira ikanishika. "Papa, weye uko na akili kweli? Wale Wajerumani hawajui hata kama uko duniani!"

"Mama Kaswera, niache. Nimelia nao myaka yote. Niache nicheke nao mwaka huu mumoja."

Straton alikunywa maji, akarudi Kibabi kwa miguu.

Mwezi wa nne wakawa mabingwa. Tano kwa bila, juu ya Bremen. Papa Habumugisha alitoka kwangu akicheza barabarani, muntu muzima, mvi kichwani, anakumbatia hata wenye hawajui mupira. Na Muhawenimana alimuletea maziwa, akamupangusa machozi, akamuambia, "Felisitasyo, Papa, hongera." Mie nilimuona namna alivyosema. Hakuwa na uchungu hata kidogo, ni hapo njo ningepaswa kuogopa.

Mwezi wa tano, Roma ya Italia nayo ilikuwa karibu kuwapiga. Bao likarudi mwisho kabisa, mbili kwa mbili, Leverkusen wakaenda finali. Binti hakuja kuangalia.

Finali ilikuwa Dublin, na Atalanta, Waitalia wengine. Hapo, jamani, njo siku ikafika. Moja. Mbili. Tatu. Leverkusen hawakuona hata mulango wa goli. Papa Habumugisha aliangalia mupaka mwisho, nikangoja alie. Akageuka, akatabasamu. "Basi. Wamepigwa. Mama Kaswera, kesho asubuhi unibebe na pikipiki yako, na kreti moja ya pombe, tunaenda kuondoa sharti."

Asubuhi tukafika Kibabi, yeye amepiga koti pasi, anaita Straton tangu njiani. "Mujomba! Wamepigwa! Tatu kwa bila! Binti ni wenu!"

Straton alitoka, akaangalia kreti, hakuigusa. "Papa Habumugisha, Ngabo alioa. Kule Walikale, Jumapili ya Pentekote. Siku nne zimepita."

Kurudi, alikaa nyuma yangu na kreti yake magotini. Mie nilisema mengi, nilitukana vita, nilitukana Straton, nilitukana Wajerumani wote na Waitalia wao, maana ningenyamaza ningelia juu ya pikipiki na tungeanguka.

Muhawenimana alikuwa anachuja maziwa mbele ya nyumba. Baba akasimama mbele yake. "Mwanangu. Ngabo..."

"Ninajua, Papa. Alinipigia simu kisha ile mechi ya Roma. Aliniomba nimuachilie. Nikamuachilia."

"Na ukaninyamazia? Hata neno moja?"

"Ulikuwa unacheka, Papa. Tangu Mama alikufa sijakuonaka ukicheka vile." Aliendelea kumimina maziwa. "Ningekuambia, ungeacha kucheka. Na siku wangepigwa, ungeenda Kibabi ukajua. Basi tangu ile mechi ya Roma nilianza kuwaombea wasipigwe. Jana niliwaombea mupaka lile bao la tatu."