Mwamba Uliopakwa Mafuta

Kwa miaka ishirini na mitatu Kinu alikuwa mponda mawe wa maabara. Jina hilo alipewa kazini, na hata mkewe alikuwa amelizoea. Aliosha vipande vya mwamba vilivyotolewa kwenye kisima cha kutafutia gesi, akavisaga, kisha unga akautia kwenye tanuri dogo linalopima kaboni ya viumbe waliozikwa topeni mamilioni ya miaka iliyopita. Kaboni ikifika asilimia mbili, kuna matumaini ya gesi. Ikipungua, ni jiwe tu. Chini ya kila fomu aliweka sahihi kuthibitisha kwamba sampuli ilikuwa safi.

Wageni wenye mitaji walipokaribia kuja, Meneja aliyakagua mawe mezani akakunja uso.

"Mbona yamepauka hivi?"

"Ni mawe, Meneja. Hayajui kujipaka mafuta."

Meneja alicheka, kisha akaacha kucheka. Mchana huo alileta kopo la mafuta ya mashine na kitambaa. Wageni walipofika, mwamba uling'aa mweusi kama viatu vya bwana harusi. Walipiga nao picha.

Wiki iliyofuata Kinu alikuwa likizo. Mwenzake wa maabara ya maji alisaga mawe yaleyale bila kuyaosha. Tanuri likatoa asilimia kumi na moja. Meneja aliwapigia simu wageni, akaagiza keki, akaanza kuchagua mahali pa kisima cha pili. Ilibaki sahihi ya Kinu tu.

Kinu aliporudi, aliitazama grafu mara moja. Kaboni ya mwamba ni kaidi. Haiachii mpaka moto uwe mkali. Hii ilikuwa imetoka yote tanuri likiwa bado vuguvugu.

"Meneja, haya ni mafuta yetu."

"Kinu, umebakiza miezi mingapi ustaafu?"

"Saba."

"Basi weka sahihi, ukapumzike."

Jioni mkewe alimsikiliza huku akikunja nguo.

"Si uweke tu, baba watoto? Kwani jiwe litakushtaki?"

"Jiwe halina neno. Ila wakichimba wakakosa gesi, watauliza nani alisema ni safi. Jina pale ni langu."

"Basi usiweke. Lakini kesho nenda mapema, kabla ushujaa haujapoa."

Asubuhi Kinu aliosha kipande kimoja kwa dawa ya kuondoa mafuta mbele ya Meneja, akakisaga, akakipima. Sifuri nukta nane, hata asilimia moja haikufika.

"Mashine imeharibika," Meneja alisema.

Kinu alichukua fomu, akakata neno "safi," akaandika juu yake, kwa mwandiko wake wa kusomeka, "imepakwa mafuta ya mashine." Kisha akaweka sahihi. Meneja alitazama sahihi tu, akagonga muhuri, akatuma.

Wageni walijibu kwa swali moja: mafuta ya aina gani?

Kisima cha pili hakikuchimbwa. Meneja aliitisha kikao kuhusu nidhamu, na Kinu akahamishiwa getini kumalizia miezi yake. Siku ya kwanza Meneja alifika bila kitambulisho.

"Kinu, unanijua mimi!"

"Nakujua sana, Meneja," alisema Kinu, akimsogezea daftari la wageni. "Ndiyo maana naomba uandike mwenyewe."