Alichosema Baba Chini ya Muziki

Kwenye video ya mahari ya dada yangu, baba anasema kitu ambacho hakuna anayekisikia. Anamwinamia mama, midomo inacheza, mama anaitikia kwa kichwa, na juu ya hayo yote unapigwa wimbo wa mapenzi ambao mpiga video aliubandika baadaye. Kwenye mahari zetu wazazi hukaa kimya. Wanaosema ni wasemaji wa familia mbili, na husema mpaka wageni wasinzie. Baba sasa ni marehemu, na hapo ndipo mahali pekee tunapomwona akiongea.

Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua. Tangu tulipoihamishia kaseti ile kwenye kompyuta, nilikuwa naangalia kipande hicho tu, nikijaribu kuisoma midomo. Dada alidai baba analalamikia viatu vipya. Mama hakucheka, na siku moja tukichambua maharage barazani kwetu Gihosha, alinieleza kwa nini. Baba alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, na mbele ya wageni wasiojua Kiswahili alikuwa akimwinamia hivyo anapotaka kumwambia siri. Siku ile spika za kipaza sauti cha msemaji zilikuwa nyuma ya kiti cha mama. Hakusikia hata neno. Aliitikia tu ili wakwe wasiwaone wakiulizana. Ndoa ya dada ilipovunjika, naye akarudi nyumbani, mama akaanza kuamini kwamba baba alikuwa amemwonya.

"Aliniambia tukatae," alisema, "na mi nikaitika."

Nilimkasirikia yule mpiga video kuliko nilivyowahi kumkasirikia shemeji yangu wa zamani. Nikamtafuta mpaka nikampata Buyenzi, mzee aliyekwisha kuacha kazi, nyumba yake ikitazamana na gereji. Nilimwuliza kabla sijakaa ni nani aliyemruhusu kumfuta baba yangu. Akanivutia kiti, akaagiza chai, akaniacha nimalize. Kisha akaniambia kwamba alikuwa na mtindo wake: maikrofoni aliificha ndani ya maua ya meza ya wazazi, karibu na msemaji. Ilinasa hotuba vizuri sana. Ilinasa pia kila aliyenong'ona kuhusu meno ya bwana harusi.

"We dada, kama ningewapatia zile sauti, wakwe wangapi wangegombana?" aliniuliza. "Ile muziki ilikuwa adabu."

Hasira ikanitoka, ikaingia hofu. Kama aliifunika sauti kwa adabu, basi huenda mama alikuwa sahihi.

Kaseti za mwanzo, zile ndogo za kamera zisizobandikwa muziki, alizihifadhi chini ya kitanda, zimefungwa kwa mifuko ya plastiki. Hakuandika majina; aliandika mtaa na rangi ya nguo ya bibi harusi. Yetu ilikuwa Gihosha, njano, na ilikuwa imeota ukungu mweupe pembeni. Aliifuta kwa pamba na spiriti, akaipeleka mbele na kuirudisha nyuma, huku mimi nikishindwa hata kunywa chai. Kamera yake ya zamani ilikataa, ikakohoa, halafu ikakubali. Wakati wa kunakili alizima sauti, akisema amechoka kusikiliza familia za watu. Nilimwuliza hizo nyingine atazifanyia nini. Alisema wako waliomshauri azitoe zihifadhiwe, watu wote wazione, lakini anaogopa kuzitoa bila idhini ya wenyewe, maana kila kaseti ina mtu anayesengenywa.

Nilirudi nyumbani na flashi ndani ya mkoba. Dada alitaka tuifute bila kuisikiliza. Alisema ndoa ni yake, imekwisha, na hataki baba aingizwe humo. Mama akamwambia kwa upole kwamba yeye ndiye aliyeitikia, kwa hiyo ni lazima ajue alikubali nini. Nikachomeka flashi kwenye televisheni.

Msemaji wetu alikuwa anasifu ng'ombe. Glasi ziligongana, mtu akakohoa, halafu baba akainama. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko ile niliyoibeba kichwani miaka yote, na kwa kitambo nilidhani ni ya mtu mwingine.

"We, umekula?"

Mama wa kwenye video akaitikia kwa kichwa.

"Kweli?"

Akaitikia tena. Baba akamtazama kidogo, akarudi kukaa wima, na msemaji akaendelea na ng'ombe wake.

Basi. Hakuna onyo, hakuna siri ya wakwe. Dada alijifunika uso kwa kitenge, akawa analia na kucheka kwa pamoja. Mama peke yake alikuwa mtulivu. Aliniomba nirudishe nyuma, akasogeza kiti karibu na televisheni. Baba akainama, akauliza.

"Apana," mama akamjibu. "Sijakula tangu asubuhi."