Wimbo Uliokatwa Mkia

Wegesa Waitara wa Susuni alijifunza litungu kwa kuiba. Kwao ala hiyo ya nyuzi nane ni ya wanaume, basi. Mwanamke kazi yake kucheza na kupiga vigelegele. Baba yake, mzee Waitara, alikuwa mpigaji wa kuitwa kila penye sherehe, na kila alipokwenda machungani, binti alilishusha litungu ukutani. Siku alipomfuma, mzee hakumpiga. Alimwambia achague, litungu au boma lake. Wegesa, mwenye kichwa kigumu kama aliyemzaa, akachagua litungu.

Miaka ikapita Tarime mjini. Chumba kimoja, asubuhi anakaanga maandazi, jioni anapiga peke yake mpaka majirani wagonge ukuta. Hakuna wa kumwambia hongera, hakuna wa kumwambia acha. Upweke ulimla dada huyu, msidanganywe na kile kicheko chake pale kwenye karai.

Mwaka huu akaingia studio kurekodi wimbo wake wa kwanza. Aliupanga vilevile alivyokuwa akipanga baba yake: mpigaji anawataja watu wa kwao kwa majina, mmoja mmoja, na mwenye heshima kubwa anawekwa mwisho kabisa. Mwisho akamweka Waitara. Alitaka kitu kimoja tu, mzee asikie, amwite nyumbani.

Sasa yule Joel wa studio, mtoto wa mjini, angejuaje mambo hayo? Aliona wimbo ni mrefu mno kwa redio, akaukata mwisho, akausambaza bila kumuuliza mwenyewe. Wegesa aliusikia redioni, mikono imejaa unga. Susuni nzima imetajwa, mpaka Matiko mlevi. Baba yake hayumo.

Hakungoja maandazi yaive. Alibeba litungu, akapanda bodaboda mpaka kwao.

Mzee alikuwa ameketi peke yake kando ya ghala la mahindi.

"Shikamoo, tata," alimwamkia baba yake.

"Marahaba." Hakumtazama. "Hata Matiko umemwimba. Sawa, nimeelewa."

"Wameukata, tata. Wewe ulikuwa mwisho, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Nisikilize."

Akakaa chini, akaupiga wote. Akamtaja baba yake, akawataja ng'ombe wake kwa rangi zao, akaitaja mikono iliyomfundisha bila yenyewe kujua. Alipomaliza, macho ya mzee yalikuwa yamelowa, na Wegesa akadhani ugomvi umekwisha.

"Unapiga vizuri," mzee alisema. "Umenizidi."

Wegesa akalilaza litungu chini, akamsogelea.

"Ila mtu anasifiwa mbele ya watu, mwanangu. Wale wengine wamesikiwa na mkoa mzima wa Mara. Mimi hapa, nani amesikia?"

Wegesa akaangaza macho uani, akaangaza na njiani. Hapakuwa na mtu.