Jua la Saa Tano

Dada yangu mkubwa anaishi Buterere, nyumba ya pili kutoka mashamba ya mpunga, mahali ambapo umeme haujafika na maji ya mvua hufika bila kualikwa. Ndiye aliyenifundisha alifu na bee, nami nikiwa bado mtoto wa kulilia uji. Baada yangu amefundisha wasichana wengi. Alikuwa amehifadhi juzuu kumi, na kila Ramadhani wanawake wa mtaa hukusanyika uani kwake kumsikiliza akizisoma kwa moyo.

Kisha macho yakaingia ukungu. Msahafu ukawa karatasi nyeupe mbele yake, na kilichohifadhiwa kisiporudiwa huponyoka. Ramadhani iliyopita alikwama katikati ya juzuu ya saba. Mwanamke mmoja akamkumbusha neno, dada akaendelea kidogo, akakwama tena, akanyamaza. Hakulalamika. Ila siku chache baadaye aliniambia, "Mudogo wangu, mwaka ujao kama sijazirudisha zote kumi, mi sitakaa tena mbele ya wale wamama."

Binti yangu, ambaye kazi yake ni kompyuta, alisikia hayo akatengeneza kitu: kompyuta ndogo, inayozidi kidogo tu kipande cha sabuni, ndani ya sanduku la mbao lenye spika na vitufe kumi vikubwa. Kila juzuu na kitufe chake. Sauti iliyomo ni ya marehemu baba yetu, iliyonusurika katika kanda za zamani. Dada akibonyeza, baba anasoma. Akibonyeza tena, baba anasubiri.

"Inakula wati tano," binti aliniandikia. "Iwake mchana na usiku, maana ikizimika ghafla inaweza kuharibika." Kazi ya umeme wa jua niliomba mwenyewe niachiwe.

Hesabu yake niliipenda. Wati tano kwa saa ishirini na nne ni wati-saa mia na ishirini kwa siku. Kwa betri ya volti kumi na mbili, hizo ni ampea-saa kumi. Betri ya risasi, kama ile ya gari, haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo ishirini. Na mvua ikishinda siku mbili je? Nikaandika arobaini. Hapo nilikuwa sawa, alhamdulillah.

Kilichonishinda ni paneli, ambayo hapa tunaiita plaki. Nilikwenda mtaa wa Asiatique, kwenye duka la mzee mwenzangu, Mwarabu ambaye babu zake waliuza vitambaa papo hapo anapouza betri yeye.

"Hadji," aliniambia akinifungia mzigo, "kwa plaki, we hesabu jua ya saa tano tu. Usizidishe."

"Saa tano. Nimeelewa."

Sikuelewa. Kwetu saa zinahesabiwa tangu jua linapochomoza, na saa tano ni ule wakati kabla ya adhuhuri, jua limekomaa. Nikadhani ananieleza namna ya kuielekeza plaki. Nami nimeadhini miaka mingi, tangu tulipokuwa tukipima kivuli cha kijiti uani mwa msikiti. Nani wa kunifundisha jua? Jua nalijua. Mchana una saa kumi na mbili, na mia na ishirini ukigawa kwa kumi na mbili unapata kumi. Nikaongeza maradufu kwa ajili ya mawingu, nikachagua plaki ya wati ishirini, nikajiona mtu mwangalifu sana.

Siku ya kuifunga nilisimama kwenye ngazi, mkono mmoja juu ya mabati.

"Unangoja nini huko juu?" dada aliuliza kutoka mlangoni.

"Nangoja saa tano."

"Na jua nayo, inajua kama unaingoja?"

Ilipofika nikaielekeza sawasawa, nikakaza nati, nikashuka nimeridhika. Betri tuliiweka juu ya meza, na meza juu ya matofali, kwa sababu ya mafuriko.

Siku tano baba alisoma katika nyumba ile. Dada alisema juzuu sita za kwanza zimerudi kama kuku wanaojua banda lao. Siku ya sita, nimetoka tu kusali alfajiri, simu ikalia.

"Mudogo wangu, baba amenyamaza."

"Amenyamaza wapi?"

"Ndani ya ile juzuu ya saba. Pale pale."

Zilibaki wiki mbili Ramadhani iandame. Sauti yake ilikuwa ndogo, nami sikuizoea ikiwa ndogo.

Nilikuwa mlangoni pa duka kabla halijafunguliwa. Nikamweleza yule mzee kila kitu, mpaka habari ya ngazi, na jinsi nilivyoiwinda saa tano kwa dakika yake. Alinitazama, akakaa juu ya katoni, akacheka hadi kofia ikamwanguka.

"Hadji! Si saa tano ya kwenye saa! Masaa tano! Yaani masaa tano kwa siku!"

"Lakini jua linawaka saa kumi na mbili."

"Linawaka, apana kwa nguvu. Jua ya asubuhi inateleza juu ya plaki, ya jioni pia. Ukiikusanya yote ya siku, inakuwa kama masaa tano ya jua kali. We umeadhini miaka yote, hukuona kama jua ya alasiri haichomi kama ya adhuhuri?"

Nilikuwa nimeona. Nimeliona maisha yangu yote, sikuwahi kulitia katika hesabu. Tukaandika upya nyuma ya kipande cha katoni: mia na ishirini gawa kwa tano ni ishirini na nne, na maradufu ni arobaini na nane. Akanibadilishia, akanipa ya wati hamsini. Nikamshukuru, na njiani nikaleta istighfari kwa lile neno langu, jua nalijua.

Binti alikuja kuikagua kompyuta, akaikuta nzima. Kufika adhuhuri plaki mpya ilikuwa juu ya bati na kabla ya alasiri baba akaendelea. Betri haijazimika tangu siku hiyo, hata mvua iliposhinda siku mbili.

Dada hakunisamehe upesi. Kila nilipobisha hodi aliuliza, "Ni nani? Ni yule wa saa tano?" Mwezi ulipoandama alinipigia. "Kesho wamama wanakuja. Njo saa tano. Ile ya kwenye saa, si ile ya plaki."

Nilikaa nje ya ua, mgongo ukutani. Sanduku lilikuwa ndani, kimya, halikuhitajika. Siku ya kwanza ilikuwa juzuu ya kwanza, na kila siku moja, na kila siku nilikwenda. Siku ya saba, alipokaribia mahali pale, nilisikia wanawake wakiacha hata kujipepea. Nami nilishika tasbihi bila kuisogeza.

Alifika, akavuta pumzi kama baba alivyokuwa akivuta, akapita.