Uzi Mwekundu wa Safari ya Maskati

Kila nikishika uzi mwekundu namwona baba amepiga magoti sakafuni kwetu Al Wakrah, akipima kwa uzi huo barabara za kwenda Maskati juu ya ramani. Iliyokata jangwa ilikuwa fupi. Mama alitaka yenye vituo vingi vya petroli.

"Na watoto wakibanwa na haja?"

Wakabishana wiki nzima, mama akashinda.

Mpakani askari hakuuliza tunapitia wapi. Alitaka karatasi ya bosi inayomruhusu baba, mfanyakazi mgeni, kutoka nchini. Baba alidhani barua ya likizo inatosha. Tukageuza gari, chapati zingali moto.

Kesho yake bosi akapiga simu: kama husafiri, njoo kazini. Mama akakata uzi ule ule, akamshonea baba kifungo cha sare.