Vitofali vya Meno vya Mzee Projestus

Asubuhi ile naikumbuka mpaka baridi yake, mwanangu. Ukungu ulikuwa bado umeilalia Rulenge, kwetu Ngara, nami nilikuwa nimesimama nje ya chumba cha mgonjwa, mkononi nina vipande viwili vya vitofali vyeupe, nisijue kama niingie au nirudi karakanani.

Mgonjwa alikuwa Mzee Projestus, mwalimu wangu wa kazi. Ujana wake wote aliutumia nje ya nchi, katika kiwanda cha vigae. Akarudi kwetu na ujuzi wa udongo na moto, na kifua kilichokwisha kuharibiwa na vumbi la kiwanda. Alifungua karakana ndogo ya meno bandia, akatuchukua vijana wawili: mimi, binti wa wakulima wa Bukiriro, na Revokatus, mtoto wa dada yake. Meno ya kauri huchongwa kutoka kwenye kitofali cha unga ulioshindiliwa, na vitofali hivyo tulikuwa tukiviagiza mbali sana. Mzee alitaka tuvitengeneze wenyewe. Hakuwa na ndoto nyingine tena, na nadhani alijua kwamba hatapata nafasi ya kuwa nayo.

Mashine ya kushindilia aliiunda kwa mikono yake. Unamimina unga kwenye kalibu ya chuma, unga laini kuliko wa muhogo, kisha jeki ya lori inausukuma mchi wa chuma kutoka juu. Kitofali kinatoka kimenyooka, pembe zake safi. Ungekiona ungekipenda. Mzee alikuwa akikipangusa kwa kidole na kusema, "Hiki sasa kimezaliwa Ngara."

Njia ya pili alitufundisha mwenyewe, ila hakuipenda. Unga unatiwa kwenye mfuko wa mpira, hewa inanyonywa, mfuko unafungwa na kuzamishwa kwenye silinda nene ya chuma iliyojaa maji. Pampu ikiyasukuma maji, yanaubana mfuko juu, chini na ubavuni, pande zote kwa nguvu ileile. Ni kazi ya polepole. Na kitofali kinachotoka humo kina makunyanzi, lazima ukichonge kwanza ndipo kifae. Mzee alikiita kiazi.

Wakati huo alikuwa anatungoja Mama Yudita, muuza maharage wa gulio la Nyakahura. Majambazi walikuwa wamesimamisha gari alilopanda kwenye msitu wa Biharamulo, wakampiga kitako cha bunduki mdomoni. Meno yake ya mbele ya juu yalikwenda. Alikuja kwetu amejifunika kitenge mpaka puani.

"Sokoni natoa bei kwa vidole," alituambia. "Na mjukuu wangu nikicheka analia."

Mzee alimwahidi meno yatakayotoka kwenye mashine yake, wala si kwenye kitofali cha kuagiza. Lakini kabla ya kuanza kuyachonga, kifua kilimlaza. Akatuita kitandani, mimi na Revokatus.

"Msimwekee yule mama kitu mpaka mlinganishe njia zote mbili," alisema. "Kateni, chomeni, vunjeni. Kisha mniletee majibu."

Tulifanya hivyo. Tulikikata kila kitofali kutoka juu hadi chini, tukadondoshea wino kwenye sehemu iliyokatwa. Kwenye kitofali cha mashine, wino ulikaa juujuu upande ule uliogusana na mchi; upande wa chini ukanywewa kama maji kwenye shamba la kiangazi. Unga ulikuwa ukisuguana na kuta za kalibu, na nguvu ya jeki ilipungua kabla ya kufika chini. Kwa macho huwezi kuujua ulegevu huo. Moto ndio unaoufichua, maana kila unga husinyaa unapoiva, na ulio mlegevu husinyaa zaidi. Vitofali vya mashine vilitoka kwenye tanuri vimepinda, vingine vina ufa mwembamba kama unywele. Kiazi kilitoka kimenyooka. Tulirudia na kurudia, majibu yakawa yaleyale.

Ndiyo hayo niliyokuwa nimeyashika asubuhi ile: kipande cha kitofali cha mashine na kipande cha kiazi, vyote havijachomwa. Revokatus alikataa kuja. Alisema hawezi kumtazama mjomba wake usoni. Pale mlangoni nikakutana na Mama Paskazia, mke wa Mzee, ana kikombe cha uji. Aliviona vipande, akanisoma.

"Usimwambie," alininong'oneza. "Mwambie mashine yake ni nzuri. Yule mama mtengenezeeni kimyakimya kwa njia ile nyingine. Nani ataumia? Mtu anaondoka, binti yangu. Mwache aondoke na kitu."

Mama yule alikuwa amenilisha na kunilaza nyumbani kwake tangu siku niliyotoka kwa wazazi wangu. Na aliyoyasema hayakuwa mabaya.

Sauti ya Mzee ikatoka ndani. "Nani huyo? Ingia."

Nikaingia. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Majibu?"

Nilimwekea vipande viganjani. Alikwaruza kwa ukucha sehemu ya chini ya kile cha mashine, unga ukamwagika kwenye shuka.

"Vya mashine vyote viko hivi?"

"Vyote, Mzee."

"Na kiazi?"

"Kinatoka kimenyooka."

Akageukia ukutani. Alikohoa mpaka kitanda kikatikisika, na Mama Paskazia akaja kumshika mabega, machozi yanamtiririka. Nilitamani nisiwepo pale. Nilipoanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, Mzee akasema bila kugeuka, "Jeki mnaikaza mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho, kama ulivyotufundisha."

"Msiikaze hivyo. Kazeni kidogo tu, unga ushikamane na upate umbo. Kisha kitoeni kwenye kalibu, mkitie kwenye mpira, maji yamalizie kazi." Akapumua kwa shida. "Mke wangu alikuomba unifiche?"

Nilimtazama Mama Paskazia, naye akainamisha uso.

"Usimlaumu. Lakini mimi bado ni fundi. Usinizike wakati bado nina kitu cha kuwaambia."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Alifariki kabla kitofali cha kwanza cha namna ile hakijatoka kwenye tanuri. Kilitoka kimenyooka, pembe zake safi, wino haukupenya popote. Kutokana nacho tulichonga meno ya Mama Yudita, yakakaa kinywani mwake bila kuchezacheza. Alijitazama kwenye kioo, akauliza Mzee yuko wapi amshukuru. Tulipomwambia, aliketi kwenye benchi akalia kama aliyefiwa na ndugu. "Ihangane," Revokatus akamwambia, yaani vumilia, kwa lugha yetu ya nyumbani, na yeye mwenyewe akaanza kulia.

Mama Paskazia hakusema nami tena. Aliamini kwamba kama ningenyamaza, mumewe angeishi walau mpaka mavuno ya maharage. Nilikuwa nikimsalimu kanisani, naye alitazama mbele. Alikwenda kaburini hivyo. Mpaka leo sijui kama alikosea. Revokatus aliondoka, karakana ikafungwa, na vitofali ninavyovitumia sasa vinatoka ng'ambo tena.

Kwa hiyo nisikilize, wewe unayeanza kazi. Ukilinganisha njia mbili, ile unayoipenda ndiyo uikate kwanza na uivunje kwa nguvu zaidi, maana mwisho wa kazi yetu ni kinywani mwa mtu. Majibu mpelekee mwenye kazi, hata kama ni mgonjwa, hata kama ni mzee. Mpelekee kwa upole, wala usimkimbie ukishamwambia. Kaa naye, huenda ana neno. Usitegemee shukrani. Unaweza kusema kweli ukampoteza mtu uliyempenda, na hutarudishiwa. Na vumbi hilo, mwanangu, usilidharau. Funga pua na mdomo kila unapofungua mfuko wa unga.

Mungu akutangulie. Akupe watu watakaokuambia ukweli ukiwa bado na nguvu za kuusikia, na akupe wengine wa kukushika mkono ukishausikia.