Kasuku wa Mjomba Lukas

Jana asubuhi, nyuma ya chumba ninachopanga hapa Mwanza, ndege alilia juu ya mti: kwanza mluzi mwembamba, kisha mkoromo kama wa mzee anayesukutua koo. Papo hapo nikarudi kwenye wasiwasi ulioninyima usingizi nikiwa darasa la tatu: kwa nini kasuku wetu hasemi?

Kasuku alikuwa wa Mjomba Lukas, mdogo wake mama. Alimleta kwetu Misungwi kutoka Ukerewe ndani ya tenga. Wa kijani, mapaja ya manjano kama amevaa kaptura. Mjomba alikuwa anaposa Bujora, na alikwisha kuwatangazia wakwe kwamba Jumapili atawaletea kasuku anayeamkia watu. Kazi ya kumfundisha nikapewa mimi.

Nilimwambia shikamoo asubuhi na jioni. Yeye alining'inia kichwa chini, akimeza tini nzima nzima. Mtama niliomwagia hakuugusa. Nikawaza labda anajua Kikerewe tu. Nikawaza labda ameniona mdogo, siku akisema atasema marahaba, na wakwe waitikiwe kama watoto.

Ijumaa nikamwona akinywa maji. Kuku akinywa huinua kichwa ili maji yashuke. Huyu alizamisha mdomo kwenye bakuli akavuta moja kwa moja, sawasawa na njiwa wa jirani.

"Mjomba, huyu ni njiwa."

"Njiwa wa kijani umemwona wapi wewe?"

Nikamwonyesha. Alilitazama bakuli, akajikuna shingo.

"Basi mfundishe njiwa kusema. Jumapili bado."

Siku hizi namjua kwa jina: ninga, njiwa wa msituni anayeishi juu mitini na kushuka chini kwa nadra. Nimeelewa pia kwamba mjomba hakuwa na shida ya ndege. Aliwaogopa wakwe, akatafuta wa kuongea badala yake. Wakati ule nilijua tu kwamba ndege akinyamaza mbele ya ukoo wote, mjomba ataitwa mwongo na posa itakufa.

Jumapili, mjomba akiwa bado anapiga pasi shati, nikafungua tenga. Ninga akaruka juu ya paa, akapotelea kwenye majani ya mti.

Mjomba akatoka na pasi mkononi. "Kasuku yuko wapi?"

"Ameondoka, mjomba. Leo itabidi uwaamkie mwenyewe."